Kang'oa mlango wangu nikiwa sokoni, na kodi nimelipa hadi Desemba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani, nakaa Chuno hapa Mtwara mjini. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti kisicho na mlango, naogopa hata kwenda dukani.

Mwaka wa nne sasa nimepanga vyumba viwili na sebule kwa mzee mmoja. Kodi ni 70,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita kwa mkupuo, 420,000 taslimu. Mkataba wa maandishi hatukuwahi kuwa nao. Mzee alikuwa na daftari lake la kaunta na mimi langu, nikilipa tunaandika kote kuwili na kusaini. Tuliishi vizuri. Mwezi wa tatu mwaka huu upepo na mvua viliezua mabati mawili upande wa jikoni. Yeye alikuwa ameshaanza kuumwa, akaniambia, "Mwanangu, tafuta fundi, tutahesabiana." Nikatoa 85,000 mfukoni mwangu. Kuhesabiana hakukuwepo, kwa sababu mwezi wa nane alifariki. Matanga yake tulikaa uani pale pale, na arobaini yake mimi nilikuwa jikoni na wanawe.

Julai nilikuwa nimeshamlipa mwenyewe mpaka tarehe 31 Desemba. Daftari ninalo.

Mwezi wa kumi, minada ya korosho ilipoanza, mwanawe wa kiume akaja kutoka Dar es Salaam. Akaniambia nyumba sasa ni yake, kodi ni 130,000, na niongeze tofauti ya miezi iliyobaki au nitoke ndani ya siku saba, maana kuna mnunuzi wa korosho anayetaka kupanga nyumba nzima kwa msimu. Nikamwambia nimelipa mpaka Desemba. Akasema, "Ulimlipa marehemu, hukunilipa mimi. Na mkataba uko wapi?"

Jumatano nilitoka kwenda sokoni kununua nyuzi na zipu. Narudi, mlango wa mbele haupo. Bawaba tatu zinaning'inia, skrubu zimemwagika barazani, cherehani yangu iko peupe na nguo za wateja juu yake. Jirani anasema alikuja na kijana mwenye bisibisi na nyundo, wakaupakia kwenye bajaji wakaondoka. Usiku ule nilifunga kanga mbili kwenye bawaba, nikasukuma kabati, nikalala nimeegemea cherehani. Mwanangu mdogo aliniuliza kama mlango umekwenda kwa fundi. Nikamwambia ndiyo.

Nilikwenda kituoni, askari wa zamu akaniambia hayo ni mambo ya madai, niende nikaelewane na mwenye nyumba. Majirani wananiambia nyumba ya mtu ni ya mtu, nishukuru nimekaa miaka yote hiyo. Na leo asubuhi, kunichanganya zaidi, binti wa marehemu amenipigia simu kutoka Masasi anasema nisimpe kaka yake hata senti tano, nyumba ni ya watoto wote.

Shangazi, nina haki yoyote mimi nisiye na mkataba? Anaweza kupandisha kodi katikati namna hii? Nikihama nitarudishiwa hela yangu? Na nikibaki, nimlipe nani?

Mpangaji wa Chuno

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mlango, na pole kwa mzee pia, maana katika purukushani hii naona hakuna aliyekupa pole ya msiba, na wewe ulimpikia arobaini.

Nimekaa miaka kadhaa kama mjumbe kwenye baraza la kata. Kesi za mashamba zilikuwa nyingi, lakini zilizonikosesha usingizi ni hizi za mlango, bati na kufuli. Mtu anajua kwamba mbele ya baraza atashindwa, kwa hiyo anaamua kukutoa kwa mkono kabla hujafika huko. Anategemea uone aibu, uogope, ufungashe. Sasa usifungashe. Nitakujibu kwa mpangilio wa mambo yanavyokubana.

Mlango kwanza. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ndiyo inayosimamia upangaji wa nyumba nchini kwetu, na moja ya ahadi anazohesabiwa mwenye nyumba kuwa amezitoa, hata kama hakuzitamka, ni kwamba mpangaji anayelipa kodi atakaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na yeye wala na mtu anayedai kwa niaba yake. Mwenye nyumba anayetaka mtu atoke ana njia yake: notisi, na mpangaji akibisha, shauri barazani. Huko ndiko inakotoka amri, na mwenye kutekeleza amri ni dalali wa mahakama akiwa na karatasi mkononi, si kijana mwenye bisibisi. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa kuingia kwenye nyumba au ardhi kwa nguvu ili kuimiliki, hata kama anayeingia ana haki na mahali hapo. Kwa hiyo yule askari amekuambia nusu ya ukweli. Mzozo wa kodi ni madai, sawa. Mlango uliong'olewa na kupakiwa kwenye bajaji, ndani kuna mali yako na mali za wateja, huo una upande wa jinai.

Rudi kituoni, lakini usirudi peke yako wala mikono mitupu. Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Mweleze mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, mwombe afike aone kwa macho yake, na umwombe barua. Piga picha zile bawaba, skrubu pale barazani, kabati ulilosukumia, na picha zionyeshe tarehe. Jirani aliyeona bajaji aandike alichokiona na kusaini leo leo, kabla hajaanza kuogopa. Ukiwa na barua ya mtaa, omba RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na usiondoke bila namba yake. Askari wa zamu akikuzungusha tena, omba kuonana na mkuu wa kituo.

Wakati huohuo tafuta fundi aweke mlango wa muda, hata wa mbao za kawaida, na uchukue risiti. Ni gharama utakayoidai. Usiende kuvizia mlango wako kwake, usimtukane kwenye simu, usimtumie ujumbe wa hasira usiku. Nimeona wapangaji wenye haki iliyonyooka wakiharibu shauri lao kwa ujumbe mmoja wa simu.

Sasa hili la "mkataba uko wapi". Mwanangu, mkataba unao. Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi mwaka mmoja, na inasema waziwazi kwamba unaweza kufanywa kwa maandishi au kwa mdomo. Mlikubaliana nyumba, mkakubaliana bei, ukapewa funguo, ukalipa, akapokea. Huo ni mkataba. Kazi ya karatasi ni kuuthibitisha tu, na wewe una daftari lenye saini ya marehemu mara saba au nane kwa miaka minne. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanakusema wewe kwa uzuri. Mama mmoja alituletea barazani stakabadhi iliyofuliwa ndani ya suruali ya mumewe, wino wote umekwenda, akabaki kutuapia. Lako lifunge kwenye mfuko wa nailoni, lipige picha kila ukurasa, nakala moja mpe mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo. Hasa nje ya nyumba hiyo, kwa sababu sasa nyumba haina mlango.

Na kauli ya "ulimlipa marehemu, hukunilipa mimi" haina miguu. Mrithi anapokea nyumba pamoja na mizigo yake. Kama mzee angekuwa ameacha deni la fundi, warithi wangelilipa kutoka kwenye mali yake. Vivyo hivyo ameacha ahadi ya kukuhifadhi mpaka tarehe 31 Desemba, na ahadi hiyo umeshailipia. Hakuna wa kukudai tofauti ya Oktoba, Novemba na Desemba. Kodi haipandi katikati ya kipindi kilicholipwa, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo tangu mwanzo.

Hapa kwenye urithi nataka nikae kidogo, maana ndipo penye hatari unayoiona nusu nusu. Huyo kijana anasema nyumba ni yake. Dada yake wa Masasi anasema ni ya wote. Wewe huna haja ya kujua nani mkweli. Unachotakiwa kuuliza ni swali moja: msimamizi wa mirathi ni nani? Mtu akifariki, mali yake haishikwi na mtoto anayefika wa kwanza. Ukoo unaweza kukaa kikao na kupendekeza jina, lakini anayeteua msimamizi ni mahakama, na kwa familia nyingi za huku kwetu suala hilo hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi anapewa barua ya uteuzi yenye muhuri wa mahakama. Huyo ndiye anayekusanya kodi, huyo ndiye anayekupa notisi, huyo ndiye mtakayeandikishana mkataba mpya. Ambaye hana barua hiyo, awe kaka au dada, ni mfiwa kama wafiwa wengine.

Kwa hiyo waandikie wote wawili barua fupi, yenye heshima. Sema unawapa pole, sema umelipa hadi 31 Desemba na ambatanisha nakala ya daftari, sema uko tayari kuendelea kulipa kwa msimamizi wa mirathi mara utakapoonyeshwa barua yake ya uteuzi. Nakala moja peleka serikali ya mtaa, igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo inafanya kazi mbili: inamzuia yeyote kusema ulikataa kulipa, na inakuepusha kulipa mara mbili. Nimeona mpangaji amelipa miezi sita kwa mtoto mkubwa wa marehemu, kisha msimamizi halali akaja na barua yake na kudai upya. Mtoto mkubwa alikuwa ameshazitumia.

Januari ikifika na bado wanavutana, usikae tu. Kodi ikilala siku 30 bila kulipwa, sheria inampa mwenye nyumba nafasi ya kuanza kukuandikia notisi ya kusitisha upangaji. Weka hela ya kila mwezi benki au kwenye simu mahali tofauti, usiiguse, na andika tena kwamba ipo na inasubiri mwenye barua.

Baada ya Desemba mambo yakoje? Hapa sitakudanganya. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya kodi ya nyumba ni makubaliano. Hakuna ofisi ya kwenda kushtaki kwamba 130,000 ni nyingi, na hakuna sheria inayomkataza mtu kudai miezi sita au mwaka mzima mbele. Mimi naliona hilo ni pengo kubwa, na wanaoumizwa nalo ni watu wa kipato kama chako, hasa katika mji kama huu wetu ambao bei inapanda kila watu wa nje wanapoingia. Tuliliona wakati wa matumaini ya gesi asilia hapa Mtwara, vyumba vilipandishwa bei kwa matarajio tu. Tunaliona kila msimu wa korosho.

Lakini kukosa ulinzi wa bei si kukosa ulinzi wa notisi. Pale ambapo muda haukuandikwa na mtu amekuwa akilipa kipindi baada ya kipindi, sheria inahesabu kuwa ni upangaji wa vipindi, na notisi ya kuuvunja haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi kimoja cha kodi, na iishie siku ya kulipa kodi. Sasa kipindi chenu ni kipi? Bei mlihesabu kwa mwezi, malipo mlifanya kwa miezi sita, mara saba au nane mfululizo. Wewe barazani utasema kipindi ni miezi sita. Yeye atasema ni mwezi. Baraza litatazama daftari na mazoea yenu. Hata likimsikiliza yeye, mwezi mmoja ni mwezi mmoja, na siku saba alizokupa kwa mdomo katikati ya kipindi ulicholipia si notisi kabisa. Na kumbuka alikuwa hajakuonyesha kuwa ana mamlaka ya kukupa notisi yoyote.

Kama mlango haurudi ndani ya siku mbili tatu, nenda baraza la kata. Ni lazima upitie hapo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu kwenye mambo ya ardhi na nyumba, linapatanisha tu, na mawakili hawasimami mbele yake, kwa hiyo utaongea mwenyewe kwa lugha yako. Usilidharau kwa sababu halihukumu. Watu wengi wakikalishwa mbele ya wazee wa kata, mwenyekiti wa mtaa pembeni na daftari mezani, wanarudisha mlango jioni hiyo hiyo. Mkishindwana, baraza linakupa hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila kumaliza, unaruhusiwa kuendelea hata bila hati hiyo. Unaendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapo hapo Mtwara mjini. Hilo linahukumu, na ukishafungua shauri unaweza kuliomba zuio la muda ili usiguswe wakati linasikilizwa.

Ukishindwa kuandika maombi, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, waulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Anayekudai hela ili akusaidie bure, muache.

Umeuliza kama ukihama utarudishiwa. Ukihama kwa hiari yako, kimya kimya, utapata taabu sana kudai. Ukiondolewa kinyume cha sheria, wajibu wako wa kulipa kodi unakoma papo hapo na una haki ya kudai kodi ya siku ambazo hukuzikaa, pamoja na hasara uliyopata: mlango wa muda, nguo za wateja kama zimepotea, siku ambazo hukushona. Ziandike kila siku, kwa tarehe. Na kama moyo wako umeshachoka na unataka kuondoka, sitakulaumu, una watoto. Ila usitoe hata sufuria kabla hujapata hela yako na maandishi yaliyosainiwa mbele ya mtendaji wa mtaa.

Zimebaki 85,000 za mabati. Paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni jukumu la mwenye nyumba. La kwako ni kuitunza nyumba isiharibike kwa uzembe wako, uchakavu wa kawaida hauhesabiwi. Kwa hiyo hilo ni deni la marehemu kwako, lipeleke kwa msimamizi wa mirathi pamoja na risiti za mabati na jina la fundi. Usijikatie mwenyewe kwenye kodi ya Januari bila makubaliano ya maandishi, watakuandika mdaiwa. Na kama mita ya LUKU iko upande wako, angalia risiti zako za umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye ikawa 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, wewe umekuwa ukimlipia. Kwa mwaka ni 18,000. Si nyingi, lakini ni kilo kadhaa za mchele, na ni halali yako. Iweke kwenye mahesabu.

Siku mtakapokaa kuandika mkataba mpya, iwe na msimamizi huyo au na mwenye nyumba mwingine, hakikisha yameandikwa majina kamili, bei, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ni ya muda gani, kodi inaweza kupanda lini, nani anatengeneza nini. Mashahidi wawili, mmoja wako mmoja wake. Ulipe kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na uulizie ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukwamishwa barazani mpaka ulipiwe.

Kesho asubuhi watoto wakishakwenda shule, mwombe jirani akukalie na cherehani. Chukua daftari, picha na kitambulisho chako, uwe wa kwanza kwenye benchi la serikali ya mtaa. Nguo za wateja ulizobaki nazo zipeleke leo kwa ndugu au kwa fundi mwenzako. Na huyo mdogo, mwambie mlango unarudi.

Shangazi